Nyumba ya Kwenye Matete

Jumatatu, 6 Mei 2024
Leo wamekuja watu wa halmashauri na wa mazingira. Wamechora X nyekundu ukutani, upande wa chumba ninacholala na Bibi. Nyumba yenyewe haijapigwa hata plasta. Baba akawaonyesha karatasi ya kijiji. Mama mmoja mwenye faili akasema, bila ukali, kwamba hiyo ni ya kupewa eneo, siyo kibali cha kujenga. Hapa ni ardhi oevu, na kutoka ziwani lazima ziwepo mita sitini. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi.

Baba alipima mwenyewe — ila alipima kiangazi, maji yakiwa mbali.

Jirani yetu Salvatori, mvuvi, kamtania: "Nyie Wasukuma mlidhani ziwa ni lambo la ng'ombe?" Baba hakucheka.

Jumatano, 8 Mei
Baba kaenda Mpanda kuomba kibali. Huenda wakamsikiliza.

Mwalimu alitufundisha kwamba matete huchuja maji na samaki huzaliana humo. Kwenye mtihani nilijibu vizuri. Sikuwaza kwamba ndiyo matete tuliyofyeka sisi.

Ijumaa, 10 Mei
Hakuna kibali. Baba kala matonge mawili, akanawa. Ng'ombe wetu wote tuliwauza, wakaishia kwenye nyumba hii. Mama kauliza tutakwenda wapi.

Bibi, mama yake Baba, akasema kutoka kitandani: kwetu, mji wa mtu, yaani nyumba na ua wake, ukiwa na kaburi hauguswi.

"Mayu, acha hayo," Baba akamwambia mama yake.

"Nasema tu."

Jumapili, 12 Mei
Salvatori kasema kule juu karibu na shule kuna viwanja. Nimeomba kanisani tupate kimoja.

Jumanne, 14 Mei
Nilikuwa natandika kitanda cha Bibi. Chini ya godoro nikakuta vidonge vyake vya presha, vingi, vimefungwa kwenye kona ya kanga. Hajavimeza.

Akanishika mkono. "Nyamaza, mjukuu wangu. Wakinizika hapa mlangoni, hawatavunja."

Nilitaka kumwambia kwamba hata makaburi huhamishwa. Halafu nikakumbuka shimo la choo. Baba alichimba, lilipofika kiunoni likajaa maji, akalifukia. Bibi hakuliona, alikuwa ndani anaumwa. Hapa hatuwezi kumzika mtu.

Nimemwekea kikombe cha maji na kidonge kimoja. Hajavigusa. Ananitazama nikiandika. Ameuliza kaburi litakaa upande gani wa mlango, na anangoja nimjibu —