Siku Honorable Alisukuma Kamio

Mujukuu wangu Kahindo,

Huku Mususa tuko bazima. Mukaka yako, bibi yangu, amevuna maharagi, na angali ananigombeza juu ya rangi naangusha chini ku sima ya nyumba.

Unaniuliza utasimama namna gani na michoro yako mbele ya baprofesa ba Kinshasa, bila kutetemeka.

Nikiwa kijana, kazi yangu ilikuwa kuchora picha ku makamio, zile lori za kubeba mizigo na batu. Siku moja, njia ya Kirumba, matope ilitushika, sisi ba kamio moja na jeep ya mukubwa moja mwenye alikuwa anatafuta kura. Akaniita tucheze karata, poker. Nikamuambia: « Honorable, nikishinda, utashuka kusukuma na sisi. Ukishinda, nachora sura yako ku hii kamio. »

Mara ya mwisho ya kugawa karata, zangu zilikuwa za bure kabisa. Lakini yeye akaanza kuahidi barabara, daraja, mashule, na nilikuwa nimeona: karata zake zikiwa mbaya, njo anaongea mingi. Nikasema: « Naongeza: sura yako ku makamio yote ya Butembo! » Kisha nikanyamaza, nikamuangalia vile naangalia ubao mbele ya kuweka rangi ya kwanza. Akatupa karata zake chini: amekubali nimeshinda.

Mukubwa akavua viatu, akakunja suruali, akasukuma! Bamama ba soko benye balikuwa na sisi ku safari balipiga vigelegele mpaka kamio ikatoka.

Akiwa na matope mpaka kiunoni, aliniuliza nilikuwa nashika karata gani. Nikacheka tu. Mpaka leo hajui, Kahindo. Wewe njo wa kwanza kuambiwa.

Sokulu wako, babu mwenye rangi ku vidole