Ndege Husindikizwa Mpaka Ipotee

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwako mama, maana najua wewe ndiye unayemsomea baba, na najua umeshaanza kukimbiza mistari utafute jina lako. Soma taratibu. Sisi huku Ujerumani tu wazima, ila baridi inatutafuna. Huko nyumbani Makole hamjambo? Na macho je, baba? Usiniambie "yanaendelea vizuri" kama unavyosema kwenye simu.

Jumamosi tulikwenda makumbusho ya ndege, mimi, baba Tumaini na Tumaini mwenyewe. Huwezi kuamini. Watu wazima wanakuja na familia zao, wamebeba chakula na kamera ndefu kama mchi, wanakaa nje kungojea ndege zinazotua uwanja wa jirani. Nikacheka peke yangu. Kumbe katika wazimu wako una wenzako! Mama alikuwa akikutania kwamba reli imekulisha maisha yote, lakini Jumapili ikifika unaikimbilia ndege.

Ndani nikaikuta ile ndege yetu ya mapangaboi mawili, iliyokuwa ikitua Dodoma tulipokuwa wadogo. Wameining'iniza darini kwa nyaya. Magurudumu yanang'aa, hayana hata chembe ya vumbi jekundu. Tumaini akauliza inakwenda wapi, nikamwambia haiendi popote. Basi nikalia, baba, mbele za watu. Nilikumbuka seng'enge ya uwanja wetu, karanga za kuchemsha ndani ya kanga ya mama, na sheria yako: ndege ikitua ni mgeni wetu, na mgeni husindikizwa. Ikiruka, hakuna kugeuka wala kugusa karanga mpaka kila mmoja akiri haioni tena. Mdogo wangu Yustina alikuwa na macho makali, na kwa njaa ile tulikuwa tunamchukia kabisa. Leo ningekaa na njaa hiyo hata kutwa nzima, mradi niwe nanyi.

Yustina ameniambia umekataa tena kwenda kutolewa mtoto wa jicho, eti unanisubiri mimi nikushike mkono. Baba, kazini hawanipi ruhusa mpaka mwakani, na daktari amesema ukichelewa jicho halitarudi. Mama ana mikono. Mpe mkono wako.

Akaniambia na jingine. Mama, usiruke hapa, soma kama nilivyoandika. Siku niliyoondoka mlisimama kwenye seng'enge. Baba akauliza, "Imeshapotea?" Mama ukajibu, "Bado, naiona." Akauliza tena, ukasema bado. Yustina na macho yake yale alikuwa ameshaacha kuiona kitambo, akanyamaza. Mkasimama hivyo juani mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Msalimieni Yustina, na asinune kwa kuwa nimemtaja. Msalimieni shangazi wa Ihumwa na wanawe, pia jirani yetu mwenye genge, mwambieni bamia za huku hazina ladha. Baba Tumaini anawaamkia. Tumaini anamuuliza babu kama karanga zake zipo.

Baba, ilishapotea. Geuka sasa, nenda hospitali. Nikirudi nitakaa dirishani, nawe utasimama pale pale kwenye seng'enge, na siku hiyo sitaki umuulize mama kitu.

Mwanao anayekukumbuka,
Neema