Wanjiru Amekubali Kulimiwa

Mama Wanjiru,

Nakuandikia kutoka Tetu nikiwa nimelala kifudifudi, na baridi ya hapa inakata masikio. Binti yako hulimia wenzake wote wa kanisa lakini yeye alikuwa hakubali kulimiwa. Jumapili alisimama kanisani mbele ya watu akasema, “Nimechoka. Shamba limenishinda.” Akaketi akilia. Leo wasichana wa kanisa wamejaa shambani kwake na majembe, wakimtania, “Ati hata wewe unachoka?” Amecheka mpaka akashika tumbo. Mimi nimelima kama trekta mbili, hata Mlima Kenya ukavua mawingu unitazame. Sasa mgongo umekataa. Alhamisi narudi nyumbani; njoo stendi unibebee mzigo, dadangu. Kama Wanjiru ameweza kusema, na mimi nimesema.

Mungu awalinde, wewe na ng'ombe.

Kaka yako mchovu,
Mwangi