Selemani wa Gungu na Shairi la Bibi

Shikamoo Shangazi Mwanaidi. Naomba mguu uwe umepoa na joto la Pangani limepungua.

Nakuandikia nikiwa Kibirizi, ufukweni, na nina hasira hata samaki niliyemwagiza, mgebuka wa kuchoma, amenishinda kula. Mgahawani nilikaa meza moja na mama muuza dagaa na bwana mmoja wa Gungu. Tukagundua sote tunapenda mashairi, mazungumzo yakanoga, hadi bwana yule akaanza kughani shairi alilodai ni lake. Lilikuwa lako, Shangazi, lile la kumlilia Bibi. Ubeti wa mwisho, pale ulipojitaja Mwanaidi wa Pangani, yeye akaweka Selemani wa Gungu. Mizani ikapungua na hakuona haya.

Nikamwambia, "Bibi huyo ni wangu. Nilimwosha kwa mikono hii siku ya maziko yake."

Akatazama chai yake. "Dada, mimi lilinifikia kwenye simu. Kwani likishafika kwenye simu si la wote?"

Mama muuza dagaa alikuwa anafuta machozi kwa kanga. "Mwanangu, mwache. Nimemkumbuka mama yangu."

Nikamwacha kwa ajili ya yule mama, si kwa ajili ya bwana huyo. Na kinachoniudhi zaidi, analighani vizuri kuliko sisi sote nyumbani.

Nakupenda, Shangazi. Usiache dawa. Na ukitunga jingine, usingoje ubeti wa mwisho ndipo ujitaje. Jina lako liwe kwenye kila ubeti, tuone atakata wapi.

Mwanao,
Zuhura