Neno la Zizini

Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Mgongo umepoa, au bado unabeba ndoo za maji kwa ubishi? Sisi wazima, ila mimi nimepigwa na butwaa, na nisipokusimulia nitapasuka.

Unamjua Mama na mdomo wake. Jumatatu mezani wifi alisema amechoka, Mama akadakia, "Umechoka na nini? Tasa ana cha kumchosha?" Mungu wangu! Kaka akaganda na kijiko mkononi. Wifi akanawa, akakunja nguo zake, akahamia chumba cha nyuma cha saluni yake. Alimwambia kaka harudi tena.

Mama akajitetea kwamba ni neno tu, lipo tangu zamani. Ndipo Baba, bubu wetu yule, akafungua kinywa. "Lipo, ndiyo. Miaka yote machinjioni nimelisikia zizini. Ng'ombe akishaitwa tasa, kinachofuata ni kisu. Ndicho ulichomwambia mtoto wa watu."

 Dada, Mama akaisukuma sahani yake pembeni! Hata chakula kilimshinda.

Jana akavaa viatu vya kutokea, akaniburuta hadi saluni. Ilikuwa imejaa, madraya ya kukaushia nywele yananguruma. Nilidhani atamwita wifi pembeni. Wapi! Alisimama katikati ya wateja, akasema kwa sauti, "Mwanangu, nilikuita jina la zizini. Nimekuja kukuomba radhi." Mama huyu huyu, ambaye hajawahi kumwomba hata Baba radhi!

Wifi hakugeuka. Aliendelea kusuka. "Nina wateja, Mama. Foleni inaanzia kule."

Nilitamani sakafu inimeze. Mama akaenda kukaa mwisho wa benchi, akisogea kila mteja alipoondoka. Sijapata kumwona mtu mkubwa kiasi kile, dada, na pale alikuwa amejikunyata kati ya wasichana wenye simu.

Nawe ukimpigia wifi simu, lile swali lako la mimba, "vipi, bado?", limeze. Sote tumelichezea jambo hili.

Msalimie shemeji na mapacha. Baba na kaka wanakusalimu. Mola akulinde utokako na uendako.

Wifi naye anakusalimu. Zamu ya Mama ilipofika, alimwosha nywele taratibu, wote wawili wakilia, kisha akafunga saluni mapema, wakarudi nyumbani wameshikana mikono.

Mdogo wako akupendaye bila kuchoka,
Kitinda