Shule Zote ni za Serikali

Kitaya

Shangazi Joana,

Shikamoo. Mpunga tumevuna, na Mama anakohoa kidogo tu. Kaka Lourenco amefika salama kutoka kwako.

Jana alinicheka nilipomweleza kemia yetu. Mwalimu anachora chupa ubaoni, anatuambia rangi imekuwa pinki, nasi tunaandika pinki.

“Wee Odete! Kwetu Mtwara unamimina mwenyewe. Tena inachosha!”

Shangazi, ulisema shule zote ni za serikali na mtihani ni mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya mimi kuja mjini. Kweli, mtihani ni mmoja. Hicho ndicho kinachonitisha.

Baba anasema ulitaka mtoto mmoja tu wa kusoma akikaa kwako, na mvulana hasumbui. Mvulana huyo ameniambia amechoka na shule, anataka bodaboda. Nakuambia wewe tu. Akiacha, tafadhali nafasi yake usimpe mtu mwingine. Hata chini nitalala.

Mama ametuambia tumwombee Kaka asome kwa bidii. Kila nikipiga magoti najaribu, Shangazi, na maneno hayatoki.

Binti wa kaka yako,
Odete