Mapipa Yaliyojaa

Tarehe 4 Februari

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui sana na ngazi za kilimani. Mimi huku makao makuu sijambo, ila mgongo unauma kwa kukaa kitini kutwa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu tangu simu yako izame kwenye pipa hutaki kusikia habari ya simu nyingine. Dereva wa ofisi anakuja huko kesho, nimemkabidhi barua hii mwenyewe.

Mama, kuna jambo kubwa. Lile andiko la kuomba ruzuku ya bomba kuu la maji ya mji, lile nililoliandika mwaka mzima, wafadhili wamelikubali kwa hatua ya kwanza. Bomba litatoka bwawani hadi mjini, na tawi moja litapanda kilimani kwetu. Tawi hilo nimelichora mimi. Linapita nyuma ya nyumba ya mshonaji, kisha linaingia uani kwako, pale unapoanika nguo. Miaka thelathini umefundisha watoto wa watu kutwa nzima, jioni unashuka bondeni na dumu. Naona imetosha.

Kabla ya kutoa ruzuku watakuja wageni watatu kukagua, tarehe 18 Machi, na kilima chetu kimo kwenye ratiba yao. Mimi sitakuwepo, bosi ameniweka kwenye vikao huku. Kwa hiyo nakuomba wewe, maana majirani wanakusikiliza. Waambie wawapokee wageni vizuri. Wasikute uchafu, wala mtu asiwanunie. Tafadhali msinitie aibu.

Msalimie mshonaji. Mwambie ile suruali aliyonishonea bado inanibana.

Ni mimi mwanao.


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na uzidi kukua, ingawa kwa hiyo suruali nasikia unakua upande mmoja tu. Mimi sijambo. Goti linalalamika, lakini bosi wake ni mimi. Barua yako ina makosa matatu ya uandishi. Nimeyapigia mstari, utayaona ukija.

Sasa nikupe habari za wageni. Niliwaita wanawake wote wa kilimani, kuanzia ngazi za chini mpaka nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa, nikawaambia mgeni hakaribishwi kwenye nyumba kavu. Siku tatu tulishuka bondeni na kupanda. Mshonaji alifunga cherehani yake. Mke wa mwenyekiti, ambaye sijapata kumwona amebeba kitu kizito kuliko mkoba, alibeba madumu mawili. Tulijaza mapipa yote, masufuria, hata beseni za kuogeshea watoto. Tukasugua ngazi. Tukamwagilia yale maua ya kwenye makopo ambayo yalishakata tamaa ya maisha. Watoto waliogeshwa wakang'aa, mpaka mmoja mama yake akampita njiani bila kumtambua.

Wageni walifika saa nne asubuhi. Mkubwa wao ni mwanamke mrefu mwenye miwani. Nilimnawisha mikono mwenyewe, nikammiminia bila ubahili. Akauliza kama tuna maji ya kutosha. Ungetaka nimjibuje mgeni aliyesimama mlangoni kwangu? Nikamwambia ajisikie nyumbani, hapa hatakosa kitu. Akacheka, akafunua mapipa mawili matatu, akaandika. Akaandika sana, mwanangu. Mtu akiandika hivyo ujue amependa alichokiona.

Goti limevimba kidogo, lakini huu ni uvimbe wa furaha.

Mama yako.


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Mwili wangu ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Tumenyimwa. Wafadhili wameandika kwamba kaya za kilimani zilikutwa na akiba kubwa ya maji, kila nyumba, kiasi cha kumwagilia maua, na kwamba ruzuku itapelekwa kwenye mji wenye shida zaidi. Andiko lote lilisimama juu ya kilima chetu, mama. Kilima kilipoanguka na bomba zima limeanguka. Nimeisoma barua yao mara nyingi, na kila nikiisoma nakuona umeshika kopo unamnawisha yule mwanamke.

Kosa si lako. Ukaguzi ule ulikuwa wa kushtukiza. Ratiba tulipewa watu wanne tu, na tuliweka saini kwamba hatutamwambia mtu. Mimi nilidhani kumwambia mama si kumwambia mtu. Nilitaka tu wasikuone na kanga iliyochakaa. Sikufikiria mapipa, wallahi sikufikiria.

Jana bosi alituita wanne wote akauliza nani aliwatonya watu. Akanitazama. Nikasema sijui.

Wametupa nafasi ya kuomba tena Septemba. Nikifukuzwa sasa, hakuna mwingine hapa anayelijua andiko hili. Kwa hiyo nakuomba, ile barua yangu ya Februari usimwonyeshe mtu. Wakikuuliza, sema hujui. Nisamehe kukuandikia maneno haya.

Mwanao.


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, nawe kula, usikonde kwa mawazo.

Mwenyekiti aliitisha mkutano uani kwake akatusomea ile habari. Kelele zilipotulia wakauliza ni nani aliyejua wageni wanakuja, na nani alisema mapipa yajazwe. Mimi sikusema sijui. Nusu ya watu wale nimewafundisha kusoma, siwezi kusimama mbele yao nikasema sijui. Nilisema nililiona gari la ofisi likizunguka huku chini, nikaotea kwamba kuna ugeni, basi nikaingiwa na kiherehere changu. Mshonaji akasema, "Mwalimu, umetukausha." Nikangoja acheke, maana yeye na mimi tumetaniana tangu ana mimba ya mtoto wake wa kwanza. Hakucheka.

Barua yako niliitia motoni nikichemsha chai. Ila nikwambie jambo moja, kisha tuliache. Umeniumiza kuniomba niifiche. Ningeificha bila kuombwa.

Mama yako.


Tarehe 10 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimekuandikia Julai na Agosti, sijapata jibu. Dereva anaapa kwamba alizipenyeza chini ya mlango. Najua una hasira nami, na unayo haki.

Lakini sikiliza, mambo yanakwenda vizuri. Andiko jipya limekamilika. Safari hii siijui tarehe ya ukaguzi wala sitaki kuijua, na mapipa myaache kama yalivyo. Wanachotaka kwetu sasa ni orodha ya nyumba zote za kilimani, moja baada ya nyingine, na saini ya anayekaa humo. Ili mradi huu usionekane unapoteza mabomba bure, sharti moja nimeliandika mwenyewe, na wamelisifu sana. Nyumba yenye mtu itaunganishwa, isiyo na mtu itarukwa. Mwenyekiti ataizungusha orodha mwezi ujao. Naomba uwahimize watu wasaini.

Tukishapata ruzuku nitapanda huko mwenyewe niwaeleze majirani ukweli wote. Nivumilie hadi hapo tu. Mshonaji bado anakuletea ile ndoo ya maji kila asubuhi?

Mwanao.


Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata, usimlaumu dereva wa watu. Sikuwa na la kuandika.

Mshonaji ana kazi nyingi siku hizi, ndoo haleti, nami simlazimishi. Watu watasaini, usiwe na wasiwasi. Kiu haina kinyongo. Mimi nakwenda kwa mama yako mdogo nikakae naye kidogo, ana upweke tangu binti yake aolewe. Barua zako uzitume huko, dereva anaifahamu njia.

Andiko lako la kwanza nilikuwa na nakala yake, ile uliyonipa Krismasi iliyopita. Nimelisoma upya. Umeandika vizuri.

Mama yako.


Tarehe 27 Januari

Mama,

Shikamoo. Sijui nianze na furaha au na kilio.

Ruzuku imetoka. Mkataba ulisainiwa Ijumaa iliyopita, na mitaro itaanza kuchimbwa Machi. Ofisi nzima walinipigia makofi. Siku hiyo hiyo nikaifungua orodha ya kilimani ili nihesabu viunganishi, na niliipitia kwa raha, jina baada ya jina. Nikafika nyumba namba arobaini na moja. Mwenyekiti ameandika kwa mkono wake, "Haina mtu."

Nikampigia simu. Nilidhani amekosea, kwamba umekwenda tu kumtembelea mama mdogo. Ndipo akaniambia. Kwamba tangu Juni hakuna aliyekutukana, hapana, ila hakuna aliyekuletea hata kopo. Kwamba ulikuwa unashuka bondeni mwenyewe na hilo goti. Kwamba ulianguka kwenye ngazi mara mbili, na mara ya pili ulikaa pale chini mpaka muuza mkaa alipopita. Na kwamba mwanzoni mwa Oktoba ulimkabidhi ufunguo, ukamwambia aandike ukweli kwenye orodha.

Nilikwenda kwa bosi nikamweleza kila kitu, tangu barua ya Februari. Nikamwomba nyumba yetu irudishwe. Akasema orodha ni sehemu ya mkataba na wafadhili hawataigusa. Kisha akanionyesha lile sharti langu. Tangu jana nimesimamishwa kazi, bomba litajengwa na wenzangu.

Jumamosi nilipanda kilimani. Nikasimama uani kwa mwenyekiti nikawaambia watu kwamba ni mimi. Mshonaji alikaa chini kwenye vumbi akashika kichwa. Wote wanataka urudi. Wamesema watakuvutia maji kutoka kwao, watapokezana, hutashika ndoo. Rudi, mama. Au njoo ukae kwangu. Kwa nini hukuniambia? Ungeandika mstari mmoja tu ningekuja siku hiyo hiyo.

Mwanao.


Tarehe 11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi na mama yako mdogo hatujambo. Anakusalimu, anasema kazi zipo nyingi, usilale kitandani ukitazama dari.

Mshonaji alikuja juzi, kwa miguu. Alilia, nami nikamwacha alie, maana alikuwa na haki hiyo. Alipomaliza tukala. Usimchukie yeye wala mwingine yeyote kule. Waliteseka siku tatu kwa neno langu.

Nyumbani sitarudi. Si hasira. Daktari amelitazama goti akasema ngazi tena basi. Maji yakifika kilimani nitafurahi, na furaha hiyo ni ya kweli, usidhani nakubembeleza. Ile nyumba tuliijenga mimi na marehemu baba yako kwa kubeba tofali mojamoja, na nimeililia. Sitakuficha hilo.

Umeuliza kwa nini sikukwambia. Mwishoni mwa Agosti nilikaa siku mbili bila tone ndani. Siku ya pili nilichukua kalamu nikakuandikia uje unichukue. Nikajaza ukurasa mzima. Kisha nikaona kwamba ukija, watu watakuuliza, na utalazimika kusema kabla hujawa tayari. Nikaichana. Nikajiambia nisubiri, mwanangu atakuja mwenyewe.

Barua yako ya Septemba ilipofika niliifungua nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, nikidhani unasema unakuja. Ilikuwa ya orodha. Nikaisoma yote hadi mwisho, kisha nikaenda kumuulizia mwenye mkokoteni, anihamishie vyombo.

Mama yako.